Je, Wajua? Vyombo 52 vya Nyuzi na Kilio cha Hiroshima

Je, wajua kwamba upo muziki wa vyombo vya nyuzi ambao hakuna awezaye kuuimba, na bado umeenea dunia nzima? Unaitwa Maombolezo kwa Wahanga wa Hiroshima. Mtunzi wake, Krzysztof Penderecki wa Poland, aliuandika mwaka 1960 akiwa kijana wa miaka 26.

Sisi watu wa pwani tumeizoea fidla katika taarabu, ikimsindikiza mwimbaji kwa upole. Penderecki, aliyejifunza fidla tangu utotoni, alikusanya fidla 24, viola 10, selo 10 na besi 8, bila ngoma wala zumari. Agizo lake la kwanza ni zito: kila mpigaji apande hadi sauti ya juu kabisa ambayo chombo chake kinaweza kuitoa. Basi muziki unaanza kwa yowe. Baadaye vidole vinagonga ubao wa chombo, na upinde unasugua nyuzi upande wa nyuma wa kidaraja kinachobeba nyuzi hizo, mahali ambapo mwanafunzi wa fidla hukatazwa kugusa. Mpiga ngoma angemwelewa upesi, maana anajua kwamba katikati ya ngozi kuna sauti yake na ukingoni kuna nyingine.

Noti za kawaida hazikumtosha. Sauti ya juu kabisa aliichorea pembetatu nyeusi, sauti nyingi zilizobanana akazichorea mikanda minene ya wino, na muda akaupima kwa sekunde.

Je, wajua kwamba jina la Hiroshima halikuwapo mwanzoni? Kazi hiyo iliitwa 8'37", yaani dakika 8 na sekunde 37. Baadaye mtunzi aliipa jina la sasa kwa heshima ya wahanga wa bomu la atomiki lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945, na kwa maoni yangu alifanya haki, kwani ukishausikia ni vigumu kuupa jina lingine. Mwaka 1961 muziki huo ulipata tuzo ya UNESCO jijini Paris.

Na kisa hiki kinanivutia kuliko vyote. Mwaka 1959 chama cha watunzi wa Poland kiliandaa shindano la vijana ambalo majina ya washiriki yalifichwa. Penderecki alipeleka kazi tatu: moja aliiandika kwa mkono wa kulia, ya pili kwa wa kushoto, na ya tatu akampa rafiki ainakili, ili waamuzi wasitambue mwandiko. Bahasha zilipofunguliwa, tuzo zote tatu za juu zilikuwa zake!

Penderecki alifariki Kraków mwaka 2020. Muziki wake unapatikana kwenye intaneti. Tenga dakika 9, vaa spika za masikioni, usikilize mpaka mwisho hata kama mwanzo utakuogopesha.