Baiskeli ya Chumbageni

Eti huna kipaji? Nani kakwambia! Mimi pia nilijidanganya hivyo, hadi mwanangu aliponiomba nimchoree baiskeli. Tanga nzima baiskeli, lakini mama mtu nikatoa miwani yenye mkia! Mtoto akacheka. Mimi nikaumia kimoyomoyo.

Nikanunua daftari la shule na penseli. Kila jioni dakika 15, kibarazani hapa Chumbageni, nachora baiskeli ile ile ya jirani. Sifuti kitu, naandika tarehe tu. Wiki ya kwanza aibu tupu. Ya pili nikagundua kosa: nilikuwa nachora baiskeli iliyo kichwani, si hii iliyo mbele yangu. Sasa naanza na pembetatu mbili za fremu, ndipo naweka magurudumu.

Umri? Acha visingizio, shoga. Edward Saidi Tingatinga, aliyewahi kufanya kazi kwenye mkonge huku Tanga, alizaliwa 1932 na kuanza kuchora 1968, Dar es Salaam, kwa rangi za kupaka baiskeli. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na mtindo mzima ukabaki na jina lake.

Juzi mwanangu kaja na daftari lake, kakaa pembeni yangu. Penseli yangu kaichukua.