Jina Kichwani Halipigi Solo

Ujumbe huja na picha moja: kichwa cha gitaa, kimepigwa kwa karibu, jina la kampuni ya Fender linasomeka vizuri. Chini yake swali lile lile: "Fundi, hii ni orijino?" Siku hizi anayeuliza mara nyingi si mpigaji, ni mwenzake wa nyumbani. Mama ameuza ndengu Mwingi au maembe Wote, yuko tayari kumwongezea mumewe pesa za gitaa la umeme lililokwisha kutumika, na hataki baba watoto aibiwe. Nyumba yenye moyo huo ina bahati. Lakini swali lenyewe ni baya, nami nimechoka kulijibu.

Gitaa la Stratocaster, lililotolewa na Fender mwaka 1954 na kuigwa na viwanda visivyo na idadi, limeunganishwa kwa skrubu. Kwa kawaida shingo inashikiliwa na skrubu 4 nyuma ya kiwiliwili. Mwenye bisibisi huitoa na kuweka nyingine pale pale dukani. Sasa fikiri: jina liko kwenye shingo, pikapu zinazonasa sauti ya nyuzi ziko kwenye kiwiliwili. Hata jina likiwa la kweli, halikuelezi kilichofichwa chini ya ile plastiki ya mbele. Na pengine si la kweli, kwa sababu stika ya jina hilo inauzwa, na kuibandika hakuhitaji ufundi.

"Lakini namba ipo!" Najua ipo. Zamani namba ilikuwa kwenye bamba la hizo skrubu, na bamba huhamishwa pamoja na skrubu zake. Katikati ya miaka ya 1970 ilianza kuwekwa kichwani, na chochote kilichoandikwa kichwani kinaweza kunakiliwa. Muuzaji akiiingiza kwenye tovuti ya kukagua namba ikakubalika, amethibitisha kwamba mahali fulani duniani kuna gitaa lenye namba hiyo. Hajathibitisha kwamba ni hili.

Tena huo uorijino ni upi? Squier ni chapa ya magitaa ya Fender tangu 1982. Ilianzia Japani, baadaye ikatengenezwa Korea, China na Indonesia. Ni orijino kabisa. Kati ya hizo zipo zinazopiga vizuri miaka na miaka, na zipo ambazo shingo imekwisha. Gitaa la Yamaha Pacifica lililotunzwa litamfaa mpigaji wa Kibwezi kuliko Fender ya kweli ambayo freti zake zimechimbika.

Linalofaa kuulizwa ni kama gitaa litafanya kazi ya benga ya Ukambani. Sikiliza nyimbo za Kakai Kilonzo na bendi yake ya Les Kilimambogo Brothers, au za bendi ya Lower Mbooni Boys: mwimbaji akipumua, solo inashika usukani, na vidole vinafanya kazi nyingi juu kwenye shingo, karibu na kiwiliwili. Huko ndiko gitaa bovu linakoumbuka. Muuzaji atakupigia kodi (chords) mbili tatu za chini, karibu na kichwa, ambako karibu kila gitaa husikika zuri. Mpigaji akipanda, noti zinakwaruza, zinakufa, au zinatoka nje ya sauti. Benga haina mahali pa kuficha noti iliyokufa.

Basi, dukani. Tazama shingo kutoka upande wa kichwa kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao. Ikiwa imepinda kidogo mbele au nyuma, chuma kilicho ndani yake hurekebisha. Ikiwa imejisokota, rudisha gitaa na uage. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, ambayo ni nusu kamili ya urefu wa uzi, upige. Kisha bonyeza hapo hapo upige tena. Noti mbili zilingane. Rudia kwa nyuzi zote 6, halafu panda freti moja moja hadi mwisho. Ncha za freti zikikukwaruza kiganja, huo ni ukame: mbao zimenywea, chuma hakijanywea. Tupa ya fundi inamaliza, wewe omba punguzo. Zungusha vifungo vya sauti, tikisa waya kwenye soketi, jaribu kila pikapu. Mama ashike pesa na asitume M-Pesa ya "kushikilia" kabla gitaa halijajaribiwa kwenye amplifaya. Mpigaji akishapenda rangi masikio yake hufunga, kwa hiyo mwenzake ndiye asikilize. Zibaki pesa za nyuzi mpya na za fundi.

Mwisho, umeme. Gitaa lenye pikapu za koili moja kunguruma kidogo ni kawaida, na likinyamaza ukigusa nyuzi, waya wake wa ardhi uko sawa. Kelele ikizidi ukigusa, huenda kuna waya uliokatika au uliounganishwa vibaya. Na muuzaji akikuongezea amplifaya ambayo pini yake ya ardhi imekatwa, ikatae hadi plagi ibadilishwe. Hitilafu ikitokea ndani ya mashine hiyo, umeme unaweza kufika kwenye nyuzi, na mpigaji anayeimba akigusa maikrofoni kwa midomo anaweza kufa papo hapo jukwaani.