Siku Tisini za Maji

Kanuni za rasilimali za maji za Kenya za mwaka 2007 zilimtaka anayemwagilia shamba kwa maji ya mto awe na bwawa la kuweka akiba ya siku 90. Avune maji mto ukifurika, kiangazi awaachie walio chini. Kwa Meru na Embu, ambako mito inashuka kutoka Mlima Kenya hadi ukavu wa Tharaka na Mbeere, kanuni hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Panda kando ya mto wowote wa huku mwezi Februari. Pale maji yanapotekwa, mabomba yamelazwa bega kwa bega, haya ya mradi wa kijiji, yale ya mtu binafsi, yamekandamizwa kwa mawe na magunia ya mchanga. Nduma na migomba imepandwa hadi majini, na juu yake mikaratusi. Bwawa la siku 90 utalitafuta sana.

Mambo yaliwahi kuwa na matumaini. Sheria ya Maji ya 2002 iliunda mamlaka ya kusimamia mito, ofisi yake ya bonde la Tana ikawekwa mjini Embu, na wananchi wakaruhusiwa kuunda vyama vya watumiaji maji. Kati ya 2004 na 2012 mradi wa Mlima Kenya Mashariki, uliofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), ulifanya kazi katika mabonde ya mito kama Ena, Kapingazi, Kathita na Tungu. Vyama viliandika mipango ya vijito vyao na kuotesha miche.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Vyama vilizoea kuishi kwa fedha za mradi. Sheria ilivipa kazi ya kushirikiana na kusuluhisha, haikuvipa meno ya kutoza faini. Mwenyekiti anayetakiwa kumwambia jirani afunge bomba anakaa naye kanisani Jumapili, na pengine naye ana bomba lake. Fedha zikiisha, hata nauli ya kwenda kukagua mto anaitoa mfukoni. Mtu wa namna hiyo tumemwonea, kisha tunamlaumu mto unapokauka.

Sheria mpya ya 2016 ilibadili jina la mamlaka na kuweka kamati za mabonde mahali pa kamati za ushauri zilizokuwapo. Kabla yake, Katiba ya 2010 ilikuwa imezikabidhi kaunti huduma za maji, huku mto wenyewe ukibaki chini ya serikali kuu. Lakini mito haikai ndani ya kaunti moja. Kathita inatoka Meru na kuingia Tharaka-Nithi. Thuci ni mpaka wa Tharaka-Nithi na Embu. Gavana anayezindua bomba jipya huku juu anapigiwa makofi. Wanaopungukiwa hawampigii kura.

Kwa hiyo kiangazi kikikolea, wazee wa chini hufanya walivyofanya kabla ya sheria zote hizi: wanapanda mlima kwa miguu, mtungi mtupu mkononi, kwenda kuomba zamu yao.