Ndoa ya Feodora na Jina la Kale la Tukuyu

Wakati wa utawala wa Wajerumani, mji wetu wa Tukuyu uliitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Langenburg ya kwanza ilikuwa kituo chao kando ya Ziwa Nyasa, kilichopewa jina kwa heshima ya Mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyewahi kuwa rais wa Shirika la Ukoloni la Ujerumani. Maisha ya mama yake, Feodora, yana funzo kuhusu ndoa.

Feodora alizaliwa Amorbach, Ujerumani, mwaka 1807. Baba yake alifariki mwaka 1814. Mama yake akaolewa tena katika ukoo wa kifalme wa Uingereza, akamzaa Viktoria, malkia wa baadaye. Feodora alilelewa katika jumba la Kensington, London, chini ya uangalizi mkali. Februari 1828, akiwa na miaka 20, aliozwa kwa Ernst wa Hohenlohe-Langenburg, mwenye miaka 33, ambaye alikuwa ameonana naye mara mbili tu. Walijaliwa watoto sita, wakaishi pamoja hadi Ernst alipofariki mwaka 1860.

Je, basi wakubwa walichagua vema? Tusiharakishe kujibu. Miaka mingi baadaye, Feodora alimwandikia mdogo wake Viktoria kwamba ndoa ilimwokoa na kifungo cha Kensington.

Kanisa lafundisha kwamba ridhaa ndiyo inayofanya ndoa, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu iwezayo kuitoa kwa niaba ya wahusika (Kanuni 1057). Tena, ndoa ni batili iwapo mtu amebanwa na hofu kubwa itokayo nje, hata asione njia ya kujinasua isipokuwa kuoa au kuolewa (Kanuni 1103). Hatuihukumu ndoa ya Feodora. Hata hivyo, binti anayesema “ndiyo” ili akimbie vitisho vya nyumbani, je, amechagua mume, au amechagua mlango wa kutokea?

Ndiyo maana kabla ya ndoa padre huzungumza na kila mchumba peke yake. Wazazi wapendwa, shaurini, ombeni, pokeeni mahari kwa desturi njema. Lakini ng'ombe waliokwisha kufika zizini wasiwe sababu ya kumziba binti mdomo.

Mwaka huohuo wa 1860, Carl, mwana mkubwa wa Feodora, aliacha urithi wa utawala ili amwoe mwanamke asiye wa ukoo wa kifalme. Urithi ukamwangukia Hermann, yule ambaye jina la nyumba yake lilifika hadi Tukuyu.