Migomba Yetu Iko New York

Mikungu ya ndizi ishushwayo Kariakoo wakati wa masika hutukumbusha marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame. Camille Pissarro aliwachorea Wafaransa mashamba yao ya majira ya kuchipua. Ntiro alituchorea vijiji vyetu. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa, New York, tangu 1960.

Hatulalamikii heshima hiyo. Kinachotuuma ni kwamba mtoto wa Kariakoo, au wa Unguja, aweza kumaliza shule asilisikie jina lake. Tunawaomba wakuu wa elimu na utamaduni, Bara na Visiwani, nakala za picha zake zitundikwe madarasani. Si vyema mgeni atuzidi kuijua migomba yetu.