Kwa nini Windows ya kutumwa ku intaneti inakamata muda mfupi kuliko ya kle USB

Mu ofisi nyingi za Goma, Bukavu ao Bunia, fundi wa kompyuta anatembea na kle USB mfukoni. Ndani iko Windows nzima, giga tano hivi. Anachomeka pa mashini ya kwanza, anangoja, anaenda pa ya pili. Mashini zikiwa kumi, siku inaisha. Umeme ukikatika katikati, mashini inaweza kukataa kabisa kuwaka.

Iko njia ingine. Fundi anaingia ku huduma ya Microsoft inayoitwa Intune, anachagua toleo na siku, halafu kila mashini inajitafutia mafaili yenyewe ku intaneti. Wengi wanasema: na intaneti yetu hii, si itakuwa pole zaidi? Kupakua ndiyo, kunaweza kukamata hata siku nzima. Lakini wakati huo mfanyakazi anaendelea kuandika barua zake. Muda unaoumiza ni ule ambao skrini inakataza kuzima na hakuna kazi inayofanyika.

Huo ndio umepungua. Microsoft ilipima toleo la Windows 10 la Aprili 2017: wastani wa dakika 82. Toleo lililofuata mwaka huohuo, dakika 51. La 2018, karibu dakika 30. Hawakuleta mashini zenye nguvu zaidi. Walisogeza kazi mbele. Mafaili yanafunguliwa na kupangwa pole pole kabla ya mashini kuzimika, kama mama anayetwanga sombe wageni wakiwa bado njiani.

Sababu ya pili ni kwamba mashini haipakui Windows nzima. Inalinganisha kile iko nacho na kile kinachokosekana, inaleta tofauti tu. Na mu ofisi moja, mashini zinaweza kugawana: moja inapakua kipande, zingine zinakikamata kwake kupitia waifai ya ndani. Kwa mwenye kulipa mega, hapo ndipo faida iko.

Mfano mzuri zaidi ni Windows 11. Toleo la 25H2, lililotoka Septemba 2025, mafaili yake yalikuwa yamekwisha kuingia mu mashini za 24H2 kupitia masasisho ya kila mwezi, yakiwa yamelala. Kinachotumwa mwishoni ni kifurushi kidogo cha kuyaamsha. Mashini inazimika na kuwaka mara moja, basi.

Lakini lazima masasisho ya kila mwezi yawe yameingia. Hapa kwetu watu wengi wanayafunga ili kuchunga mega, na mtu hawezi kuwalaumu na bei ya forfe. Shida ni kwamba wanakosa njia ya mkato: mashini iliyobaki ku 23H2 haiwezi kuamshwa, inabadilishiwa Windows yote. Afadhali kuyaachilia usiku, ao pahali penye waifai ya bure, kuliko kuyafunga mwaka mzima.

Na kwa wale wangali ku Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kifurushi kidogo hakiwahusu. Kama mashini yao inakubaliwa na Windows 11, kwao bado ni safari ndefu, na betri iwe imejaa kabla ya kuanza.