Njia ya Kale: Kutoka Milima ya Karagwe Hadi Visiwa vya Pwani

Wasomaji wetu watukufu, Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Aghalabu huyasoma maneno hayo mtu aliyekaa jamvini, kisha akafunga msahafu, na miguu yake isitoke kijijini ila kwa msiba au kwa biashara. Wageni wa mbali huja kuitazama nchi yetu, nao watoto wetu waliozaliwa ndani yake hawaijui. Mwezi huu twapenda kuwaeleza ndugu zetu wa Kayanga, na wengine wote, safari moja ambayo jamaa wachache waweza kuifanya pamoja: kuifuata njia ya kale ya misafara, kutoka milima ya Karagwe hadi visiwa vya pwani.

Tuanze nyumbani. Mji wa Kayanga umekaa juu ya mgongo wa mlima, na pande zote macho huona migomba, mibuni na mabonde yenye ukungu wa asubuhi. Zamani nchi hii ilikuwa ufalme wa Wanyambo, na Bweranyange ndiko ulikokuwa mji wa mfalme. Huko ndiko Omukama Rumanyika alikowapokea Waingereza wawili, Speke na Grant, mwezi wa Novemba mwaka 1861. Grant aliugua mguu, akabaki kwa mfalme miezi kadhaa huku mwenziwe akitangulia Buganda mwezi wa Januari 1862. Katika hazina ya mfalme mlikuwa na ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma, kazi ya wahunzi wa nchi hii hii.

Lakini Waingereza hao hawakuwa wageni wa kwanza. Njia waliyopita ilikuwa imekwisha funguliwa na watu wa pwani. Si mbali na Bweranyange palikuwa na kituo kiitwacho Kafuro, ambapo Waarabu na Waswahili walijenga nyumba, wakauza nguo na shanga na kununua pembe za ndovu. Ndani ya nyumba hizo palisaliwa sala tano kabla ya kuwapo msikiti wowote unaojulikana leo katika wilaya hizi.

Katika wafanyabiashara hao alikuwamo Ahmed bin Ibrahim. Yasimuliwa kwamba mwaka 1844 alifika Buganda, akahudhuria barazani kwa Kabaka Suna siku watu walipokuwa wakiuawa kwa amri yake. Akasimama akamwambia Kabaka kuwa watu hao, na yeye mwenyewe Kabaka, wameumbwa na Mungu mmoja, na ni kosa kubwa kuwaua viumbe wake. Kabaka hakukasirika, alimwuliza zaidi khabari za Mungu huyo. Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876 alimkuta Kafuro mkazi wa siku nyingi mwenye jina hilo, naye hufikiriwa kuwa ndiye yule yule.

Sasa twawauliza vijana wetu: ni wangapi kati yenu mliopata kufika Kafuro? Hapana jumba la mawe huko wala mnara. Udongo na nyasi zimerudi ardhini, na kumbukumbu iliyobaki imo vifuani mwa wazee. Mzee akifa, huondoka nayo. Ndiyo maana twasema safari ianzie kwa wazee, kabla ya kukata tikiti ya basi. Waendeeni, waamkieni kwa adabu, ketini chini yao, na kijana mmoja awe na daftari.

Katika nyanda hizi za juu mna mengine ya kutazama. Wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, ina chemchemi za maji ya moto za Mtagata. Stanley alizizuru mwaka 1876, akakuta wagonjwa waliokuja kuoga wakitumaini kupona. Mwaka 2019 Serikali iliyatangaza mapori ya Rumanyika na Ibanda kuwa hifadhi za taifa. Upande wa magharibi Mto Kagera hututenga na Rwanda, na Speke aliandika kwamba kutoka Karagwe aliviona kwa mbali vilele vya milima ya Mufumbiro. Wakati mwema wa kwenda ni kiangazi, mwezi wa Juni hadi Agosti, barabara zikiwa kavu.

Kutoka hapo jamaa hushuka kwa barabara ya Kyaka mpaka Bukoba. Penye daraja la Kyaka wazazi wasiache kuwaeleza watoto kuwa majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, na kwamba katika makaburi ya Kaboya wamelala askari wetu waliokufa katika vita hiyo. Kutoka Bukoba huvukwa ziwa hadi Mwanza. Meli ya MV Victoria ilifanyiwa matengenezo makubwa ikarudi majini mwaka 2020. Hapa lazima tuseme wazi: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu, na mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya mia mbili. Chombo kilichojaa kupita kiasi msikipande, hata kama wenzenu wote wamekwisha panda. Kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake.

Mbele ya Mwanza ni Tabora, ambayo wageni wa zamani waliiita Kazeh. Hapo ndipo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kuja kwetu Karagwe. Kwihara, karibu na mji, ipo nyumba ya tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Miembe mikubwa ya Tabora ni mbegu ya pwani iliyofuata misafara. Kutoka Tabora huendwa Dodoma, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam treni ya umeme yafanya safari tangu mwaka 2024; msafara wa wapagazi ulitembea majuma mengi mwendo ambao treni huumaliza kwa saa chache. Kisha Bagamoyo, penye magofu ya Kaole na msikiti wake wa karne ya 13. Na mwisho bahari, na Unguja.

Unguja watoto watafurahi kwa vichochoro vya Mji Mkongwe na milango yake ya nakshi. Kizimkazi wataona kibla chenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, katika msikiti ambao watu wasali ndani yake hata leo. Lakini wasirudi kabla ya kufika Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Wako wazazi wanaopita hapo kwa haraka, wakiona haya kwamba baadhi ya wenye biashara hiyo walikuwa wa dini yetu. Sisi twaona kuficha ni kosa. Njia iliyopeleka adhana Kafuro ndiyo iliyopitisha pembe, na katika nchi nyingi ilipitisha minyororo. Alikuwamo Ahmed bin Ibrahim aliyemkemea Kabaka kwa ajili ya damu ya watu, na walikuwamo waliowauza watu. Mtoto akifichwa nusu ya khabari nyumbani, ataisikia kwa mwingine, na siku hiyo hatatuamini hata kwa nusu ile njema.

Tena ataona Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ikiwa jumba la mawe la Sultani laweza kuanguka, seuze kituo cha udongo cha Kafuro?

Kwa wenye nia, yafaa kundi liwe dogo, watu wanane au kumi, jamaa na majirani wanaojuana. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba hata watatu wakisafiri wamchague mmoja awe amiri wao, basi mchagueni mapema, naye ashike fedha za wote na kuamua wakati wa kuondoka na wa kupumzika. Asiyeweza gharama za kufika Unguja mwaka huu, aende Bweranyange na Mtagata. Njia ni moja, na yaweza kutembewa kwa vipande, kila likizo kipande chake. Na mrudipo, lile daftari lisomwe barazani mbele ya wale wazee waliowapeni maneno ya kwanza, wapate kusahihisha palipokosewa wangali hai.

Wabillahi taufiq.